Ekseli Haina Ukoo, Ina Meno

Chuma kikishasahaulika kilikotoka, hupandishwa cheo. Hiyo ndiyo kanuni ninayotaka kuitetea, na shahidi wangu mkuu ni ekseli ya mbele ya lori kuukuu la foo-wili, ile inayolala pembeni mwa gereji bubu, imeota kutu, haina tairi wala jina, na kuku wamekwisha kuizoea. Gereji za namna hiyo ziko kila penye barabara mbaya, lakini ufukwe wa Ziwa Mweru upande wa Zambia, kuanzia Nchelenge na Kashikishi kupanda kaskazini hadi Chiengi, unastahili kutazamwa peke yake, kwa sababu pale historia imeshirikiana na mchanga kumaliza magari. Uliza pale, "Hii ni ya gari gani?" na kabla hujainama kuitazama utakuwa umepewa magari manne, majeshi mawili na misheni moja. Anayeiuza atasema ni ya Land Cruiser. Jirani yake, ambaye hauzi kitu, atasema ni ya lori la jeshi. Mzee aliyekaa kivulini atawasikiliza wote wawili, atacheka kidogo, kisha atataja Land Rover ya padri aliyekwisha kufa. Ekseli isiyo na jina hujaliwa ndugu wengi kama marehemu aliyeacha ng'ombe. Kila mmoja ana hoja, kila mmoja aliiona kwa macho yake, na ajabu ni kwamba hakuna hata mmoja aliyeipangusa kutu. Ninachodai mimi ni kwamba ubovu hauko kwa wanaojibu, uko kwenye swali. Anayeuliza chuma kilitoka kwa nani atapewa hadithi, tena tamu. Anayeuliza kina meno mangapi, bolti zake zimepishana kiasi gani na difu yake imekaa upande upi, atapewa ekseli. Misiba mingi ya barabarani, ile midogo isiyoua mtu bali humwaibisha mbele ya abiria, huanzia hapo: mtu amenunua ukoo akidhani amenunua chuma.

Tuwatendee haki wasimulizi, maana hawasemi ovyo. Kusini, ng'ambo ya mto Luapula, iko Kasenga, ambako enzi za Wabelgiji wafanyabiashara wa Kigiriki walinunua samaki na kuwapeleka Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kwa malori. Mwaka 1960 Katanga ilijitangazia uhuru wake, na hadi jambo hilo lilipozimwa Januari 1963 jimbo lile lilikanyagwa na askari wa Katanga, mamluki na kikosi cha Umoja wa Mataifa, na hakuna kati yao aliyetembea kwa miguu akipata lori. Kaskazini, pale mto Luvua unapotoka ziwani, iko Pweto. Mji huo ulipoanguka vitani mwanzoni mwa Desemba 2000, wanajeshi wa serikali ya Kinshasa na maelfu ya raia walikimbilia Zambia, na magari ya jeshi yakaachwa kivukoni. Mwaka huohuo ilifunguliwa kambi ya wakimbizi ya Kala, wilayani Kawambwa, na miaka mingi baadaye yakaja makazi ya Mantapala katika wilaya yenyewe ya Nchelenge. Penye wakimbizi huja magari ya misaada, na penye magari ya misaada huja, baada ya miaka, ekseli za magari ya misaada. Ongeza misheni ya Mbereshi, ongeza hospitali ya St Paul's pale Kashikishi, ongeza malori ya samaki yanayoshuka mpaka majini kuwafuata chisense, na utaona kwamba kila asili inayotajwa inawezekana. Hapo ndipo penye tatizo. Hadithi inayoweza kuwa kweli kwa kila ekseli haiwezi kuitofautisha hata moja. Isitoshe, hadithi ndiyo sehemu pekee ya chuma chakavu isiyopata kutu. Januari 2013 Zambia ilikata sifuri 3 kwenye kwacha yake, na kila bei nchini ikanywea usiku mmoja. Asili ya ekseli za Kashikishi haikupoteza hata sifuri moja.

Basi tuanze kazi, na tuanze na maswali ambayo chuma chenyewe hakiwezi kuyakwepa. La kwanza ni hili: je, kweli ni ekseli ya mbele, na kweli ni ya foo-wili? Swali linaonekana la kitoto mpaka uone ni watu wangapi wanaliruka. Ekseli ya mbele ya lori la kawaida ni boriti tupu ya chuma. Malori ya Fiat yaliyobeba shaba na mafuta kati ya Zambia na Dar es Salaam katika miaka ya 1960, Rhodesia ilipojitangazia uhuru na njia ya kusini ikawa ya mashaka, yalikuwa na boriti ya namna hiyo: inabeba, inageuka, haisukumi. Ekseli ya nyuma nayo ina difu tumboni, lakini ncha zake hazigeuki. Ile tunayoitafuta ina vyote viwili, difu katikati na viungo vya kugeukia pembeni, na shafti ndani yake lazima ivunjike kona bila kuvunjika yenyewe. Kwenye Land Rover za zamani na Toyota Land Cruiser utaona tufe la chuma mwishoni mwa bomba. Jointi imefichwa humo. Ukikuta difu bila tufe wala kiungo cha kugeukia, umeuziwa ekseli ya nyuma, na muuzaji atakwambia kwamba hiyo ni "mbele ya aina ile nyingine." Kuna pia moja ambayo haihitaji mjadala: ekseli ya Unimog ya Mercedes-Benz. Habu yake imeshuka chini ya mstari wa bomba, kwa sababu kuna gia nyingine kwenye kila gurudumu, na kwa hiyo difu hukaa juu, mbali na mawe. Ukiona hivyo, umeitambua kwa jicho tu, na nakupongeza. Kisha nakupa pole, maana utaanza kutafuta mtu mwenye Unimog iliyokosa ekseli ya mbele peke yake.

Swali la pili ni bolti za gurudumu, na hapa ndipo ujuzi wa kijiweni huteleza kwa mara ya kwanza. Utasikia, "Bolti sita, hiyo Toyota." Ni kweli kwamba Land Cruiser ya zamani ina bolti 6 kwenye duara la milimita 139.7. Lakini Hilux nayo ina hizohizo, Nissan Patrol hivyohivyo, na Mitsubishi nyingi za foo-wili pia. Kusema bolti sita ni Toyota ni kusema mtu mwenye mkongojo ni babu yako. Bolti tano nazo hazijatulia: Land Rover ina tano, Jeep ya Willys ina tano, na Suzuki ndogo za foo-wili zina tano. Hesabu ya bolti inafukuza wachache. Kinachofukuza wengi ni nafasi kati yao. Kwa kuwa kwenye bolti 5 hakuna iliyo na mwenzake wa kutazamana naye ng'ambo ya duara, pima kutoka katikati ya bolti moja hadi katikati ya jirani yake. Ikiwa ni milimita 97, duara lake ni milimita 165.1, na hilo ni la Land Rover, kuanzia zile za mwanzo hadi Defender za zamani. Ikiwa ni milimita 82, duara ni 139.7, nenda kwenye Jeep au Suzuki. Kifaa kinachohitajika ni futi ya fundi cherehani, na Kashikishi haikosi fundi cherehani. Tofauti ya milimita 15 inamaliza ugomvi ambao ungeendelea mpaka jioni, na pengine ndiyo sababu hakuna anayeikimbilia futi: ugomvi ni mtamu, na mwenye futi hualikwa mara moja tu.

Swali la tatu ni upande wa difu. Difu ya mbele haikai katikati. Lazima ikwepe injini, na ikae mahali ambapo propela inaweza kuifikia kutoka kwenye giaboksi ya foo-wili. Simama nyuma ya ekseli, pale ambapo gari lingekuwa, ukitazama mbele. Land Rover ina difu kulia. Land Cruiser za zamani nazo zina difu kulia. Hilux za mwanzo zenye ekseli nzima mbele zina difu kushoto. Hapo sasa Toyota mbili, bolti zilezile, duara lilelile, zinatengana waziwazi bila kufungua hata nati moja. Lakini upande wa difu umezaa pia ubunifu unaostahili kumbukumbu. Fundi mwenye lori linalotaka difu kulia, na mkononi ana ekseli yenye difu kushoto, anaweza kupata wazo la kuipindua ekseli juu chini. Wazo linafanya kazi vizuri kwa macho: difu imehamia kulia, propela inafika, na bolti zinaingia. Kasoro zake ni mbili tu. Tundu la kumwagia oili sasa linatazama mbingu, na magurudumu ya mbele sasa yanazunguka kinyume. Ukiendesha kwa magurudumu ya nyuma tu hutajua, mpaka siku utakapoingiza foo-wili, ndipo nyuma ya gari itashika njia ya Chiengi na mbele itaamua kurudi kusini, Mwansabombwe. Gari la namna hiyo haliendi popote, ila linachimba shimo zuri sana. Wapo watakaosema fundi anayejua kazi hawezi kufanya hivyo. Nakubaliana nao kabisa. Ndiyo maana nasema upande upimwe kabla fundi asiyejua kazi hajaletewa chuma na fundi anayejua hadithi.

Swali la nne ndilo mzizi wa hoja yangu, nalo ni hesabu ya meno. Ndani ya difu kuna gia mbili: pinioni ndogo inayopokea nguvu kutoka kwenye propela, na krauni kubwa inayoipeleka kwenye magurudumu. Land Rover za zamani zilikuwa na krauni ya meno 47 na pinioni ya meno 10, yaani 4.7 kwa 1. Land Cruiser nyingi za miaka ya 1970 zilikuwa na 37 kwa 9, yaani 4.11. Zipo Land Cruiser zilizotoka kiwandani na 37 kwa 10, yaani 3.70. Range Rover na Defender za zamani zilikuwa na 3.54. Huhitaji kuifungua difu kujua. Mruhusu mtu mmoja ashike gurudumu moja lisizunguke, mwingine azungushe la pili mara 20, na wa tatu ahesabu pinioni imezunguka mara ngapi. Ikiwa ni 41 na kidogo, una 4.11, ikiwa ni 47, una 4.7. Watu watatu ndio hao hao waliokuwa wakibishana, kwa hiyo nguvukazi ipo. Kwa nini jambo hili linatangulia jina? Kwa sababu ekseli ya mbele na ya nyuma za gari moja lazima zikubaliane. Weka 4.11 mbele na 3.70 nyuma, ingiza foo-wili, na kila nyuma ikienda mita 100, mbele inataka kwenda mita 90. Zile mita 10 hazipotei. Juu ya mchanga mlaini tairi huteleza na deni linalipwa kimyakimya. Juu ya lami hakuna wa kuteleza, kwa hiyo deni linalipwa na gia, jointi au shafti, na risiti yake ni mlio ambao abiria wote huusikia isipokuwa dereva.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini wahenga hawakuwa wameona habu za kufungua na kufunga kwa mkono. Gari la foo-wili la zamani linaweza kutembea miaka mingi kwa magurudumu ya nyuma peke yake, habu za mbele zikiwa zimefunguliwa, na ekseli ya mbele ikilala tu ndani huku ikidanganya bila bughudha. Kutoka Mansa hadi Nchelenge kuna lami. Nani ataingiza foo-wili? Uongo unasubiri siku ya kuhitajiwa. Siku hiyo, kwa kawaida, ni msimu wa mvua, njia ya kuelekea ufukweni imelowa, barafu inayeyuka juu ya samaki, na dereva anashuka kwa heshima zote kufunga habu akiwaambia abiria wakae vizuri. Angalia jinsi msiba unavyochagua saa yake. Ekseli yenye meno yasiyolingana haiwezi kukuaibisha siku ambayo huihitaji. Hukuaibisha siku ile moja uliyoinunulia. Na ile miezi ya Desemba hadi mwisho wa Februari, uvuvi unapofungwa ili samaki wazaane, malori hupumzika, mafundi wana nafasi, na mvua inanyesha. Ingekuwa msimu mwafaka wa kuhesabu meno. Badala yake ndio msimu mkuu wa asili za ekseli, kwa sababu wasimulizi nao wamefunga uvuvi.

Hapo atainuka mpingaji wa kwanza, naye ana brashi ya waya mkononi. "Kwa nini uhesabu meno," atasema, "na chuma kina namba zake? Pangusa, soma, maliza." Namheshimu kwa kuwa angalau amepangusa. Lakini namba iliyoinuka juu ya bomba la ekseli, mara nyingi, ni namba ya kalibu ya kiwanda cha kusubu chuma, na jina lililoandikwa pale ni la mtengenezaji wa ekseli, ambaye si lazima awe mtengenezaji wa gari. Dana ya Marekani ilitengeneza ekseli zilizoingia chini ya Jeep, Ford, Dodge na International. Salisbury, iliyowekwa nyuma ya Land Rover ndefu za miaka ya 1970, ni jamaa wa karibu wa Dana. Ukisoma Salisbury umesoma jina la fundi cherehani, si la aliyevaa shati. Tena hata ukilijua gari, bado hujaijua ekseli. Lori la GMC la magurudumu sita, ambalo Marekani ilitengeneza zaidi ya 500,000 wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, lilitoka na ekseli za aina mbili zisizofanana kabisa: nyingine ganda lake lilifungwa kwa bolti katikati, nyingine lilikuwa kipande kimoja. Jeep ndogo ya vita hivyohivyo ilikuwa na ajabu zaidi. Mahitaji yalikuwa makubwa hivi kwamba jointi za ekseli yake ya mbele zilinunuliwa kokote zilikopatikana, na kukawa na aina nne: Bendix, Rzeppa, Tracta na Spicer. Gari moja, mwaka mmoja, jointi nne. Sasa mtu anayekwambia, "Hii ni ya Jeep ya vita, nina hakika," hata akiwa na hakika sahihi, amekuachia robo tatu za swali.

Mpingaji wa pili ni mzito zaidi, kwa sababu ni mzee. Yeye hapimi, anatazama. Bashikulu, yaani mababu, wa namna hii wapo kila mji wenye mafundi, na kumwambia mmoja wao alete futi ni utovu wa adabu. Hoja yake ni kwamba jicho lililofanya kazi miaka 40 linaona kile ambacho futi haioni. Sibishi. Jicho hilo ni vipimo vingi vilivyokaa pamoja mpaka vikasahau kuwa vilikuwa vipimo. Mzee akisema "hiyo difu ni kubwa mno kuwa Hilux," anachosema ni kwamba krauni ya Land Cruiser ina kipenyo cha inchi 9.5 na ya Hilux inchi 8, ila yeye hakuona haja ya kukutajia. Lakini jicho lina mipaka miwili, na mzee mwenyewe ataikubali ukimkaribisha chai kwanza. Wa kwanza ni kwamba jicho linaona ganda, na meno yako ndani. Land Cruiser ya 4.11 na ya 3.70 zina ganda moja. Hakuna mzee duniani anayeona meno kupitia chuma. Wa pili ni kwamba ganda lenyewe limepita mikononi mwa watu. Vikalio vya springi vinaweza kukatwa na kuchomelewa upya, na habu za gari moja zikabadilishwa na za jingine ili rimu zilizopo sokoni zifae. Ekseli iliyoishi Mweru miaka mingi haiwezi kuwa haijachomelewa. Kwa hiyo jicho la mzee na lifanye kazi yake ya haki, kuondoa yasiyowezekana, na kijana wake ahesabu yaliyobaki. Heshima ya mzee haipungui. Inapungua ikiwa atalazimika kueleza kwa nini lori linachimba shimo.

Mpingaji wa tatu ndiye ninayempenda, maana amechoka na wote. "Mnapoteza muda," anasema. "Hiyo itachomelewa mkokoteni, na mkokoteni haujali meno." Ni kweli kwamba chuma hiki hufa kikiwa mkokoteni au tela, na Kusini mwa Zambia mikokoteni ya ng'ombe juu ya ekseli za magari ni jambo la kila siku. Mkoa huu wa Luapula ni nchi ya mihogo na samaki, ng'ombe ni wachache, na mara nyingine ekseli zinazongoja kuvutwa ni nyingi kuliko wa kuzivuta. Lakini tuchukulie mvutaji amepatikana, awe trekta au vijana sita. Bado kutojua kutakutafuta. Ekseli ya mbele imezaliwa ili igeuke. Ukiiweka chini ya tela bila kukaza viungo vyake na tairodi, kila gurudumu litachagua njia yake kwa kadiri ya mashimo, na mzigo wa magunia utafika mahali ambapo hukuupeleka. Upande mwingine, ekseli ya mbele ina siri nzuri: habu yake inazunguka juu ya kiti chake chenye beringi mbili, kwa hiyo ukiondoa shafti na difu bado gurudumu linasimama na kubeba, na tela limepungua uzito. Jaribu kufanya hivyo kwenye ekseli ya nyuma ya Hilux, ambayo shafti yenyewe ndiyo inayoshika gurudumu, na gurudumu litakuaga. Basi hata mkokoteni unauliza maswali. Meno hauulizi, hilo nampa mpingaji wangu kwa moyo mweupe, lakini unauliza beringi, bolti na viungo, na hakuna hata moja kati ya hayo linalojibiwa na kivuko cha Pweto.

Anabaki mpingaji wa mwisho, mtu wa duka la spea. Yeye anasema jina lazima lipatikane, kwa sababu siku sili itakapopasuka au beringi itakapokwisha, utafika dukani Mansa au Lubumbashi, na muuza duka atakuuliza, "Ya gari gani, bwana?" Usipojibu, unarudi mikono mitupu. Hii ndiyo ngome ya mwisho ya ukoo, na inaonekana imara mpaka uitazame beringi yenyewe. Beringi ina namba iliyochongwa kwenye ukingo wake, na namba hiyo inaeleweka katika duka la beringi la nchi yoyote, kwa sababu imepangwa kwa vipimo na si kwa jina la gari. Beringi moja inaweza kukaa ndani ya Land Rover, mashine ya kusaga na trekta bila kumsaliti yeyote. Sili hununuliwa kwa vipimo vitatu: tundu la ndani, ukingo wa nje na unene. Peleka ya zamani dukani, hata ikiwa imeraruka, na muuza duka mwenye akili hatakuuliza ukoo. Akikuuliza, mpe beringi mkononi na mwache asome.

Kwa hiyo kabla pesa hazijatoka mfukoni, andika kwa chaki juu ya ganda la difu mambo manne: bolti ngapi na zimepishana kiasi gani, difu upande upi, meno mangapi kwa mangapi, na namba za beringi. Mwenye lori linalolingana na hayo manne amepata ekseli, iwe ilitoka kwa Wagiriki wa Kasenga, kwa Umoja wa Mataifa au kwa padri. Asiye na lori la namna hiyo hajapata kitu, hata apewe cheti cha kuzaliwa kwa chuma hicho kikiwa na muhuri. Muuzaji akianza kusimulia wakati unaandika, msikilize mpaka mwisho, cheka panapochekesha, mwitikie, muulize huyo padri alikuwa akiendesha kwa kasi gani. Hadithi hiyo anaitoa bure na ina haki ya kusikilizwa. Halafu punguza bei kwa kadiri ya kutu, lipa kwa kadiri ya meno, na umwombe wakati wa kuipakia ashike upande wa difu, ndio mzito.